Kucheza na Kupiga: Habari za Moyo wa Mtoto Aliye Tumboni

Kengeja imo kusini mwa kisiwa cha Pemba, katika Wilaya ya Mkoani. Huko, kama kwingineko pwani, mtoto aliye tumboni husemwa kwamba "anacheza". Neno hili si la mzaha. Kabla ya kuja vyombo, kucheza ndiko kulikokuwa ushahidi wa uhai wake, na shahidi mkuu alikuwa mama mwenyewe. Mkunga aliweka mkono, akauliza. (Jina "mkunga" haliko mbali na "kunga", yaani mambo ya faragha, ijapokuwa mvuvi humwita hivyo hivyo samaki wa mwambani aliye mfano wa nyoka.)

Ulaya nako hali ilikuwa hiyo hiyo, hata François Mayor wa Geneva alipoeleza mwaka 1818 kwamba mapigo ya moyo wa mtoto husikika kwa kutega sikio tumboni mwa mama. Mwaka 1821 Mfaransa Kergaradec alitaka kuyasikia maji yakichezwa na mtoto. Badala yake akasikia mlio mfano wa saa. Tangu hapo ushahidi ulianza kumtoka mama, ukaingia sikioni mwa mganga. Chombo cha Pinard cha mwaka 1895, mti uliochongwa mfano wa pembe ndogo, kiliukamilisha uhamisho huo: asikiaye ni mmoja, na mama hasikii kitu. Chombo hicho kilienea Afrika Mashariki, wala hakijaachwa, kwani hakihitaji umeme wala fundi.

Faida yake haina shaka. Moyo wa mtoto hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika. Ukipungua wakati wa uchungu na usirudi, huenda hewa haimfikii. Kwa mama wa Kengeja onyo hilo lina thamani likija mapema, maana Hospitali ya Abdulla Mzee iko mjini Mkoani, na safari ya usiku si ya kuanzwa kwa kubahatisha.

Vyombo vya mawimbi ya sauti, vilivyoanza miaka ya 1960, vimeirudisha sauti chumbani, mama akasikia pamoja na mkunga. Kimojawapo, kilichotengenezwa na Wanorwei, kimepewa jina la Kiswahili, Moyo. Uchunguzi wa Hospitali ya Muhimbili uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kwa hicho kasoro za mapigo ziligunduliwa zaidi kuliko kwa pembe. Hata hivyo swali la zamani, "Anacheza?", halikuondoka kliniki, kwa sababu mtoto aliyepunguza kucheza huenda akatoa habari kabla mapigo ya moyo wake hayajabadilika.