Mbano wa Mkojo: Kulitetea Neno Lililodharauliwa

Kamati moja, ambayo siitaji kwa kuwa wamo niliosoma nao, imetoa orodha ya istilahi za tiba. Humo, upasuaji wa watoto waliozaliwa na kasoro za kibofu umeitwa "upasuaji wa kurejesha udhibiti wa mkojo". Maneno sita, makosa mawili.

La kwanza ni kurejesha. Mtoto wa kibofu wazi, yaani kibofu kilichojitokeza nje chini ya kitovu, hajapata kubana mkojo tangu azaliwe. Kinachorejeshwa ni kilichokuwapo. Hapa daktari anaumba kipya.

La pili ni udhibiti. Asili yake ni Kiarabu, dhabt, kushika barabara, na kwa Waarabu wa leo dhabit ni ofisa wa jeshi au polisi. Kiswahili kililipokea neno pamoja na sare yake: tuna mamlaka za udhibiti wa nishati na maji. Mzazi wa hapa Kanzenze, wilayani Rubavu nchini Rwanda, akisoma "udhibiti wa mkojo" kwenye karatasi ya rufaa, atauliza leseni inalipiwa wapi.

Wengine wanang'ang'ania "kuzuia mkojo". Zuia limezaa kizuizi, zuio la mahakama na kizuizini. Hakuna hata moja linaloahidi kufunguliwa. Mkojo uliozuiwa ni maradhi mengine, tena ya dharura. Na yupo msomi anayetaka "kontinensi", kutoka Kilatini continere, kushika pamoja, mzizi uleule uliowapa Wazungu jina la bara. Anayetaka kumpasua mtoto bara, haya.

Neno tunalo: bana. Ni la Kibantu, na uzao wake ni mkubwa: kibanio cha nguo, mabano ya mwandishi, na banio, lile lango la mfereji ambalo mkulima hulifunga maji yakusanyike, akalifungua zamu yake ikifika. Dhana yote imo: kushika, kisha kuachia kwa hiari. Ndivyo ufanyavyo upasuaji aliouelezea Mfaransa Paul Mitrofanoff mwaka 1980. Kidole tumbo hugeuzwa njia kutoka kibofuni hadi kwenye ngozi ya tumbo, mara nyingi kitovuni. Njia hiyo haivuji, na kila baada ya saa chache mtoto hupitisha mpira akautoa mkojo.

Nilijibiwa kwamba bana ni "neno la barabarani". Basi mgongo wazi, jina la kasoro ya uti wa mgongo ya kuzaliwa nayo, lilitoka ikulu gani? Limekaa katika kliniki za Tanzania na Kenya kwa kuwa wazazi wanalielewa, na wengi wa watoto wenye mgongo wazi nao hawawezi kubana mkojo. Hata kwetu Rwanda neno hilo litafaa: Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017. Muuguzi wa Rubavu aliyekulia Kinyarwanda, akakinoa Kiswahili chake kwa wachuuzi wa Goma, anahitaji neno la kumwambia mama bila kufungua kamusi.

Matumizi, kwa ufupi: mbano wa mkojo, upasuaji wa mbano, mtoto asiyeweza kubana mkojo. Asiitwe kikojozi. Kikojozi ana kibofu kizima, na kwa kawaida huacha akikua; wa kibofu wazi haachi kwa kukua, wala kwa kuchapwa. Orodha ya kamati imewaweka wote wawili chini ya kichwa kimoja, na hiyo ndiyo inayoitwa istilahi sanifu.