Kushusha Gari: Msumeno Mmoja, Sheria Mbili

Miaka michache baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana wa Kimarekani wenye asili ya Mexico wa mashariki mwa Los Angeles walikuwa na njia rahisi ya kushusha Chevrolet kuukuu: walijaza mifuko ya mchanga kwenye buti. Gari lililala nyuma, likatoka jioni na kuzunguka taratibu barabarani ili lionekane. Vijana wengi wengine wa California wakati ule waliyachonga magari yao yaende kasi. Hawa walitaka gari lipite chini, polepole, rangi iking'aa.

Mchanga ulikuwa wa kuanzia tu, kwa sababu ulimaliza nafasi ya buti na ulishusha upande mmoja. Hatua iliyofuata ilikuwa msumeno wa chuma. Springi ilitolewa, ikakatwa mzunguko mmoja au zaidi, ikarudishwa mahali pake. Wengine waliipasha moto kwa gesi ya kuchomelea ikiwa bado imefungwa, mpaka ikalegea na kuzama kwa uzito wa gari. Kazi hiyo ilifanywa uani, kwa jeki na spana za nyumbani.

Ilishusha gari kweli, lakini iliharibu springi. Ugumu wa springi unategemea unene wa waya wake, upana wa duara lake na idadi ya mizunguko. Ukipunguza mizunguko, inayobaki inakuwa migumu zaidi: springi ya mizunguko minane ikikatwa miwili, ugumu unaongezeka kwa takriban theluthi moja. Gari linakaa chini na papo hapo linarukaruka. Moto ni mbaya zaidi. Chuma cha springi hupikwa kiwandani kwa joto lililopimwa ili kiweze kukunjika na kurudi, na mwali wa gesi hufuta kazi hiyo yote pale ulipogusa. Hapo ndipo springi huendelea kuzama, au hukatika.

Serikali ya California haikuuliza springi ilikatwaje. Kuanzia 1958, kifungu cha 24008 cha sheria ya magari kilikataza gari la abiria kubadilishwa hadi sehemu yake yoyote iwe chini kuliko ukingo wa chini wa ringi. Askari alihitaji kuinama na kutazama tu. Sheria haikutaja kabila la mtu, ila kila mtu alijua ni magari ya nani yaliyokuwa chini, na faini ziliwaangukia hao.

Jibu likatoka uani vilevile. Mwaka 1959 Ron Aguirre, kijana wa eneo la San Bernardino aliyechoshwa na kukamatwa, aliifungia Corvette yake pampu na mitungi ya mafuta ya haidroliki, vifaa vya aina iliyotumika kwenye ndege na kuuzwa kwa bei nafuu baada ya vita. Sasa gari lililala likiwa kwenye maonyesho na kuinuka askari akitokea. Chevrolet Impala, iliyotoka 1958, ilifaa mno kwa kazi hiyo: chesisi yake ilikuwa na umbo la X, bila vyuma virefu vya pembeni, na ilikuwa na springi za mizunguko mbele na nyuma. Impala ya 1964 ya Jesse Valadez wa klabu ya Imperials, iliyochorwa mawaridi mwili mzima na kuitwa Gypsy Rose, ilianza maisha yake kwenye Whittier Boulevard, na mwaka 2017 ikaonyeshwa katikati ya Washington kama gari la kihistoria la taifa.

Ujerumani ilifika kwenye springi ile ile kwa njia nyingine. Volkswagen Golf GTI ilianza kuuzwa 1976 ikiwa na nguvu za farasi 110, na ikawapa vijana wa mshahara wa kawaida gari la michezo wanaloweza kulifungua wenyewe. Nao walikata springi. Lakini huko gari lililobadilishwa lilipaswa kupelekwa kwa mkaguzi, na springi iliyokatwa ilikuwa vigumu kupita: gurudumu likining'inia, springi fupi mno hulegea na inaweza kutoka kwenye kiti chake. Kwa hiyo ilihitajika springi iliyotengenezwa fupi tangu mwanzo, ikiwa na cheti chake.

Milima ya Sauerland huko Ujerumani, yenye mazoea ya zamani ya kazi za chuma, ilikuwa tayari. Kiwanda cha springi cha Eibach kilikuwa Finnentrop tangu 1951; mwaka 1979 Heine na Remmen walianzisha kampuni ya H&R katika mji jirani wa Lennestadt. Springi zao zilishusha gari kwa milimita 30 au 40, na mizunguko yake ilipangwa kwa karibu upande mmoja ili zishikilie hata gurudumu linaponing'inia. Mnunuzi alizifunga nyumbani, kisha akaenda kukaguliwa na mabadiliko yakaandikwa kwenye hati za gari. Kufikia 1982 wapenzi wa GTI walikuwa na mkutano wao kwenye ziwa la Wörthersee, Austria.

Anayeishi Dar es Salaam au Nairobi, ambako mafundi huweka spesa ili gari lipande juu ya mashimo, anaweza kushangaa. Kazi yenyewe ni ile ile kinyumenyume, na hatari ni moja. Springi lazima ibanwe kwa vyuma viwili vya kubania, kila kimoja upande wake, vikikazwa kidogo kidogo kwa zamu, kabla ya kufungua nati ya juu ya shokapu. Ikichomoka, inaweza kuua. Baada ya hapo magurudumu hupimwa upya, maana gari likishuka pembe zake hubadilika na tairi huliwa upande.

California ilichelewa kulegeza sheria yake. Sheria iliyoandaliwa na mbunge David Alvarez wa San Diego ilitiwa saini Oktoba 2023, na kuanzia tarehe 1 Januari 2024 ikafuta kifungu cha 24008, pamoja na mamlaka ya miji kupiga marufuku magari kuzunguka taratibu barabarani jioni.