Toroli la Belfast

Vitabu vya vita huwapenda majenerali. Vitakwambia nani aliamuru nini, nani alivuka mto upi, bendera ipi ilishuka na ipi ikapanda. Aliyeshika bisibisi hatajwi. Basi leo, msomaji, tumwache jenerali kidogo. Twende Ireland ya Kaskazini, mwaka 1972, tukatazame toroli.

Mwaka ule ulikuwa wa damu kuliko mwaka mwingine wowote katika mgogoro wa eneo lile. Karibu watu 500 walikufa. Wapiganaji wa IRA, waliotaka eneo hilo liachane na Uingereza na kuungana na Ireland, walikuwa wameanza kutumia magari kama mabomu. Mtu anaegesha gari barabarani kama mteja yeyote, anashuka, anatokomea. Ndani mna baruti ya kuangusha nyumba. Tarehe 21 Julai 1972 mabomu yapatayo 20 yalilipuka Belfast katika muda wa saa moja na dakika ishirini hivi. Watu 9 walikufa, wengine 130 hivi wakajeruhiwa. Sasa jiulize: timu zako ni chache, simu zinalia kutoka kila mtaa, nyingine za kweli, nyingine za uongo mtupu. Utaanzia wapi?

Waliotakiwa kujibu swali hilo hawakuwa makomandoo wa sinema. Walikuwa watu wa ghala. Wategua mabomu wa kikosi cha 321 walitoka katika Royal Army Ordnance Corps, idara ya jeshi la Uingereza iliyokuwa ikitunza, ikikagua na kugawa silaha na risasi. Baruti waliijua kwa sababu walikuwa wakiihifadhi. Lakini vifaa vyao vya mwanzo, loo! Kamba, kulabu, koleo, bisibisi, na roho ngumu. Septemba 1971, katika ukumbi wa Castlerobin, kapteni mmoja aliuawa na bomu lililokuwa ndani ya sanduku. Sanduku lilitegwa swichi ndogo zilizosubiri mkono wa mtu. Mtego ule ulimlenga mtegua bomu mwenyewe.

Hapo ndipo anapoingia Peter Miller, Luteni Kanali mstaafu. Swali lililomkabili lilikuwa fupi: gari lenye bomu litasogezwaje bila mtu kulikaribia? Jibu alikwenda kulitafuta kwenye duka la vifaa vya bustani. Meneja wa mauzo akamwelekeza kwenye chesi ya toroli la umeme la magurudumu matatu, bidhaa ambayo ilikuwa imeshaondolewa sokoni. Ndiyo, toroli la kubebea udongo na maua.

Wakalifunga kulabu yenye springi. Toroli linaingia chini ya gari, kulabu inang'ata, kamba inavutwa kutoka mbali. Kukata kona kukawa shida, wakarekebisha. Baadaye likapata kamera, likavishwa mikanda kama ya kifaru, likabebeshwa bunduki. Likabeba pia mtutu wa maji uliobuniwa na mtaalamu mwenzake, Patterson. Maji hayo si ya kuzimia moto, jamani! Yanasukumwa na baruti kidogo, yanalipiga bomu kwa kasi na kulisambaratisha kabla umeme haujafika kwenye kiwashio.

Kuna mafunzo hapa. La kwanza, kifaa cha kazi kama hii lazima kiwe cha kupotea. Tangu siku zile mamia ya matoroli haya yamelipuliwa yakiwa kazini, na kila moja lilikwenda mahali ambapo zamani angekwenda mtu. Lakini ukikubali chuma kife, uwe na spea, uwe na betri zilizochajiwa, uwe na fundi wa kuunganisha jingine usiku uleule. Bila hayo, toroli likivunjika, mtu anarudi kutembea.

La pili, gari la timu ni karakana. Mtegua bomu hakwenda peke yake. Alikuwa na msaidizi aliyeitwa Namba Mbili, aliyeandaa vifaa na kumvalisha vazi zito la kinga. Alikuwepo fundi wa kuzuia mawimbi ya redio, na askari wa kulinda mtaa. Kilichosahaulika kambini hakiazimwi barabarani.

La tatu, adui naye anasoma. Mabomu ya saa yalifuatwa na ya mitego, kisha ya kulipuliwa kwa redio. Kila kifaa kina siku zake. Anayebweteka na cha jana anazikwa nacho.

Wala tusilifanye toroli kuwa malaika. Lilikwama, waya ulikatika, ngazi zililishinda. Hapo mtu alivaa vazi lake akatembea peke yake kwenye barabara tupu. Katika miaka ile wategua mabomu zaidi ya 15 waliuawa, na hesabu hiyo ingekuwa kubwa zaidi kama isingekuwa lile toroli la bustani.

Kwa hiyo wewe unayeandika historia, kijana mwenzangu, usiishie kwenye tarehe na hotuba. Tarehe tunazihitaji, sawa. Ila ukishaandika bomu lilitegwa wapi na nani alipewa nishani, rudi nyuma ya gari uulize: betri nani alizichaji?