Mdai si Mwombaji

Sheria ya bima ya Kongo, ile ya tarehe 17 Machi 2015, imeandikwa kwa Kifaransa. Mkazi wa Katoyi, hapa Goma, hukutana nayo barabarani, pale anaposimamishwa akiwa na pikipiki yake na kuulizwa karatasi. Katiba imekitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, lakini haikutaja nani atakitafutia maneno ya kuisema sheria hiyo. Kazi hiyo ni yetu, mimi nawe msomaji. Kipimo changu ni kimoja: neno zuri la bima huonyesha nani anamdai nani.

Tuanze na jina lenyewe. Goma husema *asiranse*, pwani husema *bima*. La kwanza linatoka katika neno la Kifaransa lenye maana ya kuwa na hakika. La pili limetufikia kutoka Bara Hindi, na shina lake ni *bim* la Kiajemi, yaani hofu. Moja linataja kile unachoahidiwa, jingine linataja kile kilichokupeleka ofisini. Nachagua *bima*. Hofu unayo tangu siku ya kwanza. Hakika hutaipata mpaka kampuni ilipe.

*Prime* ni neno la kuogopwa zaidi. Kwa mwalimu au muuguzi wa Kongo, *prime* ni pesa inayoingia mfukoni juu ya mshahara. Katika mkataba wa bima, neno hilohilo ni pesa inayotoka. Mtu anaweza kutia sahihi akidhani ataongezewa. Wengine hutafsiri *mchango*, lakini mchango una desturi zake: katika likelemba, kile chama cha kuchangiana pesa, kila mtu hungoja zamu yake, na zamu hufika. Katika bima hakuna zamu. Ukimaliza mwaka salama, pesa imekwenda. Basi tuseme *ada ya bima*, na *mchango* tuuache kwa vyama vya kusaidiana, pamoja na mituweli ya matibabu ambayo majirani zetu wa Gisenyi wanaijua vizuri.

Kitenzi *kulipa* nacho kina tatizo. "Nimelipa bima" na "bima imenilipa" zinatenganishwa na viambishi vidogo tu, na anayesikiliza kwa haraka huvikosa. Watanzania wana suluhisho la kupendeza: mteja *hukata* bima, kama anavyokata tiketi. Kitenzi hicho tukiazime. Mteja akate bima, kampuni ilipe fidia, na kila upande uwe na tendo lake.

*Police* ni kichekesho chetu wenyewe. Kwenye njia za Goma, polisi ni yule anayekuuliza *police*. Maneno hayo mawili hayana undugu: la bima lilipitia Italia, na asili yake ya Kigiriki ni uthibitisho. Siku hizi baadhi ya wafasiri huandika *sera ya bima*, na hapo wanapotea kabisa. Sera ni msimamo wa serikali au wa chama. Haikunjwi ikatiwa mfukoni. *Hati ya bima* inatosha, tena inarudi karibu na ule uthibitisho wa Wagiriki.

Kisha kuna *tiers*, ambaye wengi humwita *mtu wa tatu*. Ukimwuliza dereva mtu wa kwanza na wa pili ni nani, atakutazama tu. Sheria ya tarehe 5 Januari 1973 ndiyo iliyolazimisha bima ya huyo mtu wa tatu kwa vyombo vya moto, na walengwa wake ni wale unaoweza kuwaumiza. Tanzania mtaani huiita *bima ndogo*, na ile inayolipia pia gari lako huitwa *bima kubwa*. Ukubwa huo umepimwa kwa bei. Hiyo ndogo inahusu mguu wa mpita njia na maisha ya mtoto wa watu. Kinachoongezwa na kubwa ni bati lako. Napendekeza *bima ya dhima*. Dhima ni deni lililokaa shingoni mwa mtu, na ndilo jambo lenyewe: ukimgonga mwenzako, anakudai, na bima inasimama kulilipa deni hilo.

Tangu 1966 kampuni ya serikali, SONAS, ilikuwa peke yake sokoni. Hali hiyo tunaiita *ukiritimba*, na neno hilo limejaa lawama; magazeti hulitumia hata kwa urasimu wa maofisini. Sheria ya 2015 iliuondoa, na leseni za kwanza za makampuni mengine zikatolewa mwaka 2019. Tendo hilo tuliiteje? *Kulegeza soko* hakufai, kwa sababu sheria ileile ilileta masharti mapya. *Kufungua soko* ni bora: kufunguliwa kwa mlango hakumzuii mtu kuuliza nani ameshika ufunguo.

Mwenye ufunguo ni ARCA, mamlaka iliyoundwa mwaka 2016. Jina lake la Kifaransa lina *régulation* na *contrôle*. Hilo la pili tunalo tayari, na Goma halipendwi: *kontrole* ni kusimamishwa na kutolewa pesa. *Kudhibiti* ni kushika kwa nguvu isiponyoke. Tanzania ilichagua *Mamlaka ya Usimamizi wa Bima*, na mimi nauunga mkono uchaguzi huo. Msimamizi yuko pale kazi inapofanyika, na mambo yakiharibika yeye ndiye wa kuulizwa. Neno linampa madaraka, papo hapo linamtwika wajibu.

Kuna maneno yanayoandikwa kwa herufi ndogo: *exclusions*. Mikataba mingi ya bima duniani huiacha vita nje, na tangu Januari 2025, mji ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, hakuna mtu wa Goma anayehitaji kuelezwa uzito wa kipengele hicho. Hata hivyo hatuna jina lake linalokubalika. *Vizuizi* ni vya barabarani. *Misamaha* inaifanya kampuni ionekane imeonewa huruma. Napendekeza *vitengwa*, kutoka kutenga: mambo ambayo kampuni imeyatenga mapema isiyalipe. Mteja aweze kuuliza kabla ya sahihi, "Vitengwa vyenu ni vipi? Na volkano imo?"

Volkano inatuleta kwenye *sinistre*, yaani tukio la hasara linaloamsha mkataba. Nyiragongo ilipolipuka mwaka 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, waliopoteza nyumba waliitwa *basinistré*. Ndilo jina la watu waliopangwa foleni kungoja turubai na unga. Neno moja, basi, linamtaja mwenye mkataba na asiye nao, anayedai na anayesaidiwa. Kiswahili kinaweza kuwatenganisha. Asiye na mkataba ni *mwathirika*, na anastahili msaada wa jamii. Mwenye mkataba akipata hasara ni *mdai*. Kampuni ni *mdaiwa*. Anachokipata ni *fidia*, neno la Kiarabu la kukomboa kilichopotea. Karatasi anayoijaza isiitwe *ombi la fidia*, kama inavyoandikwa mara nyingi. Iitwe *dai*.

Tofauti hiyo ina matunda yake. Mwombaji akinyimwa hushukuru kwa kusikilizwa, akaondoka. Mdai akinyimwa huuliza kipengele gani kimemnyima, na asiporidhika humfuata msimamizi. Watangazaji wa redio, mawakala, wafasiri na walimu wa Goma wanaweza kuanza na hili moja bila kungoja kamusi wala bunge: wakiizungumzia karatasi hiyo, waseme *dai*.