Blogu Zikihama, Komenti Zinabaki Wapi?

Wadau, kuna dada mmoja wa Maposeni, huku kwetu Songea upande wa Peramiho, ambaye jina lake silitaji kwa sababu kaniomba nisilitaje. Wale wasomaji wa zamani wa hadithi za mtandaoni mkimjua kaeni kimya, msiniharibie.

Huyu dada alikuwa na blogu pale Blogspot. Hadithi moja ndefu ya mapenzi, kipande kimoja kila Ijumaa, miaka zaidi ya minne. Alikuwa anaandika kwanza kwenye daftari la kaunta, halafu anapanda gari mpaka Songea mjini, analipia kompyuta kwa saa, anachapa kwa vidole viwili. Baadaye akapata simu ya kueleweka, safari zikaisha.

Juzi nikamuuliza hadithi iko wapi siku hizi maana nimeitafuta sijaiona. Akanijibu kwamba madaftari yote yapo sandukuni, hakuna hata moja lililopotea, ila hadithi haipo. Nikamwona kama anaongea mafumbo. Kumbe hapana. Wifi mmoja mkorofi kwenye ile hadithi alitakiwa afe kipande cha ishirini. Wasomaji wakagoma. Komenti zikashuka kama mvua ya masika, wengine wakamtetea wifi, wengine wakamtukana, mmoja aliyejiita tu "Mdau wa Mbinga" akaandika aya ndefu kuhusu wifi yake mwenyewe mpaka watu wakaanza kumjibu yeye badala ya hadithi. Dada akamwacha wifi hai. Kuanzia hapo kila kipande kilikuwa kinajibu waliosema juzi. Ukisoma daftari peke yake ni kama kusikiliza mtu anaongea na simu, unasikia upande mmoja tu.

Sasa zile komenti zilienda wapi? Ili nijibu hilo naomba nirudi nyuma, na nianzie mbali kidogo, Marekani. Msinikimbie, tutarudi Maposeni.

Mwaka 1999 kijana anaitwa Brad Fitzpatrick alianzisha LiveJournal, mahali pa kuandika shajara yako mtandaoni na marafiki wakajibu chini. Hicho cha kujibu chini ndicho kilichoipa umaarufu. Mashabiki wa vitabu, filamu na tamthilia wakahamia pale kwa wingi, hasa wale wanaoandika hadithi zao wenyewe kuhusu wahusika wanaowapenda. Mtu anatunga, wenzake wanasoma, wanabishana chini, wanatunga na wao. Yaani ule ule mchezo wa dada yetu.

Januari 2005 kampuni ya Six Apart ikainunua LiveJournal. Mei 2007, baada ya kelele za kikundi kilichosema kinapambana na wanaodhuru watoto, kampuni ikafunga mamia ya akaunti kwa mpigo. Ilivyofanyika ndiyo iliyowaudhi watu. Waliangalia maneno ambayo mtu ameyaorodhesha kama mambo anayofuatilia, basi. Vikundi vya hadithi za mashabiki vikafyekwa, na pamoja navyo vikundi vya watu waliowahi kudhulumiwa wenyewe, waliokuwa wanafarijiana. Majina yao yakabaki yamepigwa mstari katikati. Kampuni iliomba radhi na akaunti nyingi zikarudishwa, lakini imani ikawa imeshaondoka. Desemba mwaka huo huo LiveJournal ikauzwa tena, safari hii kwa kampuni ya Urusi, SUP.

Hapo ndipo wanapoingia Denise Paolucci na Mark Smith, wawili waliowahi kufanya kazi LiveJournal. Programu iliyokuwa inaiendesha LiveJournal ilikuwa wazi, mtu yeyote aliruhusiwa kuichukua na kuirekebisha. Wakaichukua, wakaanzisha Dreamwidth, wakafungua milango kwa umma tarehe 30 Aprili 2009. Hakuna matangazo. Hela inatoka kwa watumiaji wanaoamua kulipia akaunti, basi hakuna mtangazaji wa kuwapigia simu kuwaambia hadithi fulani zinamkera.

Lakini kilichonifanya niandike haya yote ni kitu kimoja kidogo walichokiweka. Ulikuwa unaweka jina na nywila ya shajara yako ya zamani, unabonyeza, na mtambo unaenda kukuchukulia kila kitu. Maandishi, picha zako za utambulisho, lebo zako, na komenti. Komenti zote, pamoja na majina ya walioziandika, zimepangwa vile vile nani alimjibu nani. Aliyekomenti hakulazimika kuhama na wewe. Jina lake lilikuja na alama kwamba huyu ni wa kule LiveJournal, na akitaka siku moja anaingia kwa jina lake lile lile na kuthibitisha kuwa yale maneno ni yake. Na kama hukuwa tayari kuhama kabisa, uliweza kuandika Dreamwidth na andiko likatokea pande zote mbili, ili wale wazito wa kuhama wasikupoteze.

Nani anafikiria vitu kama hivyo? Mtu aliyewahi kuhama, nadhani. Mkandarasi tu anakujengea nyumba mpya anakukabidhi funguo.

Na kweli walikuja kuhitajika tena. Urusi ilipitisha sheria mwaka 2014 iliyowataka wanablogu wenye wasomaji zaidi ya 3,000 kwa siku wajiandikishe serikalini. Mwishoni mwa 2016 mitambo ya LiveJournal ikahamishiwa Urusi, na Aprili 2017 watumiaji wakawekewa masharti mapya yanayofuata sheria za kule. Wimbi jingine likaondoka kwenda Dreamwidth. Watu wenye maandishi ya miaka kumi na zaidi, wakabeba.

Haya, turudi nyumbani.

Kwetu libeneke lilianza kama mchezo. Mwaka 2004 Ndesanjo Macha alikuwa tayari anaandika Jikomboe, miongoni mwa blogu za kwanza kabisa za Kiswahili. Septemba 2005 Issa Michuzi, mpiga picha wa magazeti, akafungua blogu yake akiwa Helsinki kwenye mkutano, na Ndesanjo akamsaidia kuifungua. Baada ya hapo kila mtu alitaka ya kwake. Mwaka 2006 ikaja JamboForums, ambayo mwaka 2008 ilibadili jina kuwa JamiiForums. Hao walihama vizuri. Mada za 2006 na 2007 zilikwenda na majibu yake, unaweza kuzisoma leo na kucheka jinsi watu walivyokuwa wana uhakika na mambo ambayo hayakutokea.

Halafu ikaja 2018. Mwezi Machi zikatangazwa kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu atakiwe kuwa na leseni ya TCRA. Maombi shilingi 100,000, leseni milioni 1, ada ya mwaka milioni 1 nyingine. Ukiendesha bila leseni, faini isiyopungua milioni 5, au jela isiyopungua miezi 12, au vyote. Haikujali unaandika siasa au mapishi ya kisamvu. Mei 4 Mahakama Kuu kule Mtwara ilizisimamisha kwa muda baada ya watetezi wa haki na vyombo vya habari kufungua kesi, watu wakapumua. Pumzi haikudumu, zuio likaondolewa. Juni 11 JamiiForums wenyewe wakafunga milango, wakarudi baadaye.

Sasa jaribu kumfikiria mtu wa Maposeni anayeuza mahindi na kuandika kuhusu wifi mkorofi. Milioni mbili na laki moja ataitoa wapi? Na ile blogu haijawahi kumwingizia hata vocha. Dada akaogopa. Jirani mmoja mjuaji akamwambia hata kuiacha tu pale ni kosa, aifute. Akaifuta usiku, akaenda kulala.

Wasomaji akawaambia wamfuate kwenye kundi la WhatsApp, na wengine Instagram. Wengi wa rika lake walifanya hivyo hivyo.

Hapa naomba niseme kitu ambacho watu wengi hawakukijua wakati ule, yeye hakukijua, na mimi pia sikukijua. Blogspot ilikuwa na kitufe cha kupakua blogu yote kama faili moja, komenti zikiwemo. Faili hilo ungeweza kukaa nalo kwenye flashi miaka kumi, halafu ukalipandisha kwenye blogu nyingine siku mambo yakitulia. Na hata ukishaifuta, ulikuwa na siku 90 za kuirudisha. Siku ya 91 imekwenda hiyo. Dada alikuja kuzisikia hizo siku 90 mwaka 2020, kwa mtoto wa dada yake anayesoma chuo.

Watu husema serikali ndiyo iliyoziua zile blogu, na kwa upande wa ada mimi sibishi. Ila tulikohamia nako kulichangia. Hata dada angekuwa na lile faili mkononi, angelipeleka wapi? Instagram haina mlango wa kuingilia na mzigo wa zamani. WhatsApp wakati ule ukiingia kwenye kundi leo ulikuwa huoni waliyoongea jana. Tulihamia sehemu ambazo kila mtu anaanza na siku moja. Wale wa Dreamwidth hawakutushinda akili wala mapenzi ya hadithi. Walitengenezewa mahali pa kufikia na watu waliojua kwamba msomaji naye ni sehemu ya maandishi.

Wazee wetu Wangoni wangetushangaa. Walitoka kusini kabisa mwa Afrika, Zwangendaba akawavusha Zambezi Novemba 1835, wakaja na watu wao, ng'ombe wao na majina ya sifa ya wakubwa wao. Sisi tumehama kutoka Blogspot tumeshindwa kubeba komenti.

Dada sasa ameanza upya, kwenye blogu mpya. Anachapa madaftari. Amefika kipande cha kumi na tisa na amesimama hapo wiki ya tatu sasa, kwa sababu kinachofuata ni kile cha wifi, na hajui kama amwache hai bila watu kumwomba. Ameniomba nimkumbushe yule Mdau wa Mbinga alisema nini hasa kwenye ile aya yake. Nakumbuka alitaja sufuria ya ugali na harusi ya Peramiho. Mengine yamenitoka.