Karatasi na mafunjo ni ndugu

Mwulize kijana wa Naivasha jina la mmea ule mrefu wenye kishungi unaoota ukingoni mwa ziwa. Huenda akakujibu "matete" ama "nyasi tu". Jina lake ni mafunjo, na Kiswahili hakiko peke yake: Wanyarwanda huuita urufunzo. Tete lina shina la mviringo, lenye uwazi ndani. Shina la mafunjo lina pembe tatu, nalo limejaa nyama nyeupe laini.

Nyama hiyo ndiyo waliyoikata Wamisri vipande vyembamba, wakavipanga kwa kupishana, wakavigonga na kuvikausha ili waandikie. Maandishi yaliyopatikana Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, yana umri wa miaka 4,500 hivi. Wagiriki waliuita ukurasa huo khartes. Waarabu wakapata qirtas, neno lililomo katika Kurani, Sura ya Al-An'am. Ufundi wa Wachina ulipowafikia Waarabu katika karne ya 8, mafunjo yaliachwa polepole lakini jina likabaki. Nasi tukalipokea: karatasi.

Kwetu mafunjo yamekuwa mkeka, kikapu na ezeko. Naivasha yana kazi nyingine kubwa, kuchuja. Mito Malewa na Gilgil hushuka na udongo na mbolea za mashambani, na mafunjo huvizuia kabla havijaingia ziwani.

Baada ya mkataba wa 1904 kuwahamisha Wamaasai, ardhi hii ikawa ya walowezi. Baadaye yakaja mashamba ya maua. Mafunjo yalifyekwa ili watu walime, na kila maji yanapopungua, yaliyosalia huachwa nchi kavu, nyati na ng'ombe wakayala na kuyakanyaga. Ziwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 1995, ila orodha haizuii panga. Hata hivyo, mbegu zake huchipuka kwenye tope ambalo maji yameliacha, mradi tope hilo lisiguswe.

Sasa mbona tubishane kuhusu jina? Kwa sababu anayesema "nyasi" akifyeka hudhani anapalilia. Anayesema "mafunjo" anajua anakata chujio la maji anayokunywa. Basi mwalimu anapogawa karatasi darasani, awaambie wanafunzi pia kwamba mmea ulioanzisha jina hilo uko pale ziwani, nao unaisha.