Malisho ya Farasi na Punda Kisiwani Mombasa

Ibn Battuta, aliposhuka Mombasa mwaka 1331 akiwa safarini kuelekea Kilwa, alieleza kwamba kisiwa hakikulimwa nafaka, bali nafaka yake ililetwa kutoka bara, na kwamba wenyeji waliishi aghalabu kwa ndizi na samaki. Kisha, alipovuka bahari hata Dhofari ya Arabuni, akastaajabu kuona mifugo ya huko ikilishwa dagaa. Marco Polo, aliyemtangulia, alikwisha kutaja farasi wa pwani ya Arabuni waliokula samaki wakavu. Habari hizi mbili ni za maana kwangu kuliko ajabu nyingine zote za wasafiri hao, kwa kuwa zaonyesha wazi kwamba mnyama alilishwa kile ambacho nchi yake iliweza kumpa.

Farasi hakupata kustawi Mombasa. Mbung'o wa njia za bara walimwua kwa nagana, na visubi wa majira ya mvua wakamletea tauni ya farasi, hata mwanzoni mwa karne ya 20, pale ambapo miji mingine ingalifunga farasi, wakubwa wa Mombasa walipanda vigari vya toroli vilivyosukumwa na watu juu ya reli nyembamba baina ya Mji wa Kale na Kilindini.

Kazi ya mnyama, basi, ikawa ya punda, mchukuzi wa maji, chokaa na mawe, na ya ngamia aliyezungusha kinu cha simsim hali amefungwa macho. Katika vinu hivyo mna hekima ambayo yastahili kukumbukwa: simsim ikiisha kukamuliwa mafuta, mashudu yake huwa chakula cha mifugo, na mashudu mapya, yaliyotoka kinuni siku ile ile, si sawa kabisa na yaliyolala guniani wiki kadhaa katika unyevu wa pwani.

Na hapa ndipo chakula kibaya kinapomdhuru mnyama. Farasi na punda wameumbwa kula kidogo kidogo muda mrefu wa siku. Tumbo la farasi ni dogo, takriban lita 8 hadi 15, na majani husagika na kuchachuka hasa katika utumbo mpana, kwa kazi ya vijidudu ambavyo havistahimili mageuzi ya ghafula. Nafaka nyingi kwa mara moja huweza kumletea msokoto wa tumbo. Ama mahindi yenye ukungu, hayo huweza kuozesha ubongo wake, akayumba na kufa. Kwa hiyo namsihi mwenye punda wa mkokoteni, anayemwagia mnyama wake pumba za ghalani kwa kuwa ni rahisi, amkatie ukoka mbichi, ampe na maganda mabichi ya ndizi kwa kiasi, na kila chakula kigeni akiingize taratibu kwa muda wa siku 7 hadi 10, maji safi yakiwapo daima. Na pumba zikinuka uvundo, azitupe, hata kama amezilipia.